Mwalimu Kwanza, Mkanda Baadaye

Dada yangu alinipigia simu usiku, watu wameshalala, sauti yake ndogo kama ya mtu aliyejifungia kabatini. "Kaka," akaniambia, "njoo umtazame mpwao. Kisu changu cha kuparia samaki nimekitafuta wiki mbili nzima. Leo nimekikuta chini ya mto wake."

Kesho yake nikakata tikiti ya basi.

Dada huyu aliolewa Nakuru miaka mingi iliyopita, na nyumba yake iko Bondeni, mtaa ambao Mswahili akiingia hajioni mgeni: adhana huisikia, mahamri huyapata, na salamu hujibiwa kama ipasavyo. Lakini Bondeni nayo ni sehemu ya mji, na mji una yake. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitano, alikuwa akirudi masomo ya jioni vijana watatu walipomzuia njiani. Wakamnyang'anya simu, wakamvua viatu, kisha mmoja wao akamzaba kofi mbele ya wenziwe. Simu hununuliwa nyingine. Lile kofi ndilo lililokataa kutoka. Tangu siku hiyo kijana alikuwa haendi mahali ila na kisu kiunoni, na mamake hana habari.

Basi lilitutoa Mombasa usiku, likapita Nairobi, likateremka Bonde la Ufa, likatupitisha Naivasha na Gilgil hata tukafika Nakuru jua limepanda. Mji huu uliokuzwa na reli, na uliopata hadhi ya jiji Desemba mosi 2021, umekaa baina ya mlima Menengai na ziwa lenye heroe. Baridi yake ya asubuhi humfanya mtu wa pwani atafute shuka hata akiwa amesimama.

Nilimkuta kijana hana la kusema. Alinipa shikamoo kwa adabu, nikamwitikia marahaba, kisha akanyamaza. Sikumtaja kisu. Nilimwuliza tu, "Wataka nini?" Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, akajibu, "Nataka kujua kupigana, mjomba. Mtu asinipige tena."

Ndugu msomaji, wako watakaosema kwamba jawabu la mzee Mwislamu kwa ombi kama hilo ni kumpeleka mtoto msikitini. Msikitini alikuwa akienda. Na dini yetu haikutukataza kuwa na nguvu. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipigana mweleka na Rukana, mtu aliyesifika kwa nguvu, akamwangusha. Na ni yeye huyo huyo aliyetufundisha kuwa shujaa si yule awaangushaye watu, bali ni yule aizuiaye nafsi yake anapoghadhibika. Mambo hayo mawili hayagombani. Na sisi wa pwani tunayo kirumbizi, tunayoiona Lamu katika Maulidi na arusi: watu wawili na bakora zao, zumari inalia, na ufundi wote ni kumwonyesha mwenzio kwamba ungeweza kumpiga, wala usimpige.

Basi nikamwambia, "Tutatafuta mwalimu. Lakini nitachagua pamoja nawe, na tutaanza kwa kutazama."

Nakuru si mahali pabaya pa kutafuta. Kwa ngumi, mji huu ulikuwa na jina ulimwenguni kabla mimi sijajua kusoma. Hapa ndipo alipotokea Philip Waruinge, bondia wa uzani wa unyoya, aliyeshinda dhahabu ya michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966 na tena mwaka 1970. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alipata shaba, na juu ya hiyo akatunukiwa kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia mwenye ufundi mzuri kuliko wote mashindanoni. Yaani waliomtangulia walichukua medali kubwa zaidi, lakini aliyepigana kwa uzuri alikuwa yeye. Mwaka 1972 mjini Munich akapata fedha, kisha akaenda Japani kupigana kwa malipo. Wazee wa Nakuru ukiwatajia jina lake hunyooka migongo. Na ukumbi wao wa ngumi wameuita Madison Square Garden, kama ule wa New York.

Kwa hivyo tulianza na ngumi. Mwalimu wa kilabu tuliyoiendea alikuwa mtu mzima mwenye pua iliyopinda na maneno machache. Alimtazama kijana miguu kabla ya mikono, akamwambia angemrukisha kamba na kumfundisha kusimama kwa miezi, na ulingoni hangempandisha mpaka aridhike naye. Hakututaka fedha nyingi. Nilimpenda. Lakini dada yangu aliposikia alikataa katakata. "Na kichwa chake?" akauliza.

Sikuweza kumlaumu. Robert Wangila, aliyeipatia Kenya dhahabu ya ngumi ya Olimpiki huko Seoul mwaka 1988, na hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeipata, alikufa mwaka 1994 kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata katika pigano la kulipwa mjini Las Vegas. Hakuwa hata na miaka thelathini. Tena tumekatazwa kupigana nyuso, na ngumi bila ya uso ni chai bila ya sukari. Kijana alinung'unika, nami nilisikitika, lakini neno la mama lilikuwa zito.

Mahali pa pili palikuwa ghorofani, katikati ya mji. Kuta zimejaa vyeti, na picha ya mwenyewe akipasua matofali. Alitupokea kwa tabasamu na kalamu. Alimwahidi kijana mkanda mweusi kwa mwaka mmoja, iwapo tungelipa miezi sita mbele. Nilipomwomba tukae tutazame somo, akasema wageni hawaruhusiwi. Mlango ulipofunguka niliona kitoto cha miaka tisa hivi kikifuta damu ya pua kwa mkono wa kanzu yake nyeupe, na hakuna aliyemshughulikia. Tulishuka ngazi. Mpwa wangu, aliyekuwa ameyakodolea macho matofali yale, aliniuliza kwa nini.

Nikamwambia hivi. Mimi nilisoma chuoni, na waalimu niliopitia walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa na bakora ndefu na hadithi ndefu za usharifu wake. Kwake nilijifunza kuogopa. Wa pili alikuwa akitukalisha juu ya herufi moja mpaka tuichoke, kisha tuipende. Kwake nilijifunza kusoma. Mtu akikuahidi khitma kabla hujajua alifu, mkimbie.

Mahali pa tatu palikuwa ukumbi wa kukodi, sakafu ya saruji, madirisha mawili yamevunjika. Hapo palisomeshwa karate. Mwalimu mchana hushona nguo kwa cherehani, na jioni hufundisha. Hakuuliza fedha kwanza. Aliuliza, "Kwa nini wataka?" Kijana akajibu kama alivyonijibu mimi. Mwalimu akatikisa kichwa, akatuonyesha benchi, akasema, "Kaeni siku tatu. Mkichoka, nendeni."

Tulikaa siku tatu. Tuliona wakubwa wakiwasaidia wadogo kufunga mikanda. Tuliona msichana mwenye mtandio kichwani akimzidi mbio kijana mrefu kuliko yeye, na kijana hakukasirika. Tuliona kwamba mtu akimgusa mwenziwe kwa nguvu kupita kiasi, mwalimu husimamisha kila kitu, akamwambia mkosaji akae chini. Katika karate yao pigo la kichwani husimamishwa kabla halijafika. Anayeshindwa kulizuia huhesabiwa kuwa hajui. Nilimkumbuka mchezaji kirumbizi.

Lilikuwako jambo moja lililonikera. Wanafunzi waingiapo na watokapo huinama mbele ya mwalimu. Sisi rukuu yetu tunamwinamia Mwenyezi Mungu peke yake, na imepokewa kwamba Mtume aliulizwa kama mtu amwinamie nduguye wakutanapo, akakataza, akaruhusu kupeana mikono. Nikamwendea mwalimu, ambaye si Mwislamu, nikamweleza. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Mzee, mimi nataka adabu, sitaki mgongo. Aweke mkono kifuani." Na kuhusu Magharibi akasema yule binti mwenye mtandio huenda pembeni akasali na kurudi, na mpwa wangu atafanya vivyo hivyo.

Siwezi kueleza jinsi jawabu lile lilivyonituliza. Nilipomsimulia dada yangu, nilimtajia na Feryal Abdelaziz, binti wa Misri aliyevaa hijabu yake akashinda dhahabu ya karate katika michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Misri kupata dhahabu ya Olimpiki. Dada akauliza, "Na kichwa chake?" Nikamwambia nilivyoona. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ridhaa.

Siku ya kwanza ya masomo ndiyo iliyokuwa nzito. Pale mlangoni pana ndoo kuukuu ya rangi. Kila aingiaye humimina humo kila alichonacho: simu, funguo, saa, sarafu. Mwalimu hukaa kando yake. Alimwambia mpwa wangu, "Karate maana yake ni mkono mtupu. Humu haingii chuma."

Kijana alisimama. Mimi nilijua, na nadhani mwalimu naye alijua, kwa maana hakumtazama kiunoni, alitazama dirishani. Walio nyuma wakaanza kusukumana. Mpwa wangu akageuka, akatoka mbio, akapotea njiani.

Nilimwomba mwalimu radhi. Akasema, "Mwache. Wewe mzee vua viatu, usikae bure."

Nami, wa miaka hamsini na kitu, nikaingia darasani na suruali yangu ya safari. Alinisimamisha kama mtu aliyepanda farasi, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, akaniambia nihesabu mpaka mia. Nilipofika thelathini mapaja yalikuwa yakitetemeka kama mlingoti wa jahazi katika kusi. Kitoto cha mkanda wa manjano kikanirekebisha kisigino kwa mkono wake, kikaniambia, "Pole pole, babu." Kisha tukapiga ngumi moja hewani, ile ile, mara hamsini. Wakati huo ndipo nilipotambua niko wapi. Nilikuwa nimerudi chuoni, juu ya mkeka, na ubao mapajani, alifu, be, te, mwili mzima ukihifadhi kile ambacho akili bado haijakifahamu. Huo mtungo wa mapigo wanaouita kata husomwa kwa moyo, mwanzo hata mwisho, kama tulivyosoma juzuu. Na mkanda mweupe si aibu. Ni ubao uliooshwa, uko tayari kuandikwa.

Nilirudi nyumbani nikichechemea. Dada alikuwa jikoni. Juu ya meza palikuwa na changu wawili, na mkononi mwake kile kisu. Akaniambia kijana aliingia mbio, akakiosha kwa sabuni, akakiweka mahali pake penye rafu, akasema, "Mama, hiki ni chako," kisha akatoka tena. Alikuwa amerudi ukumbini. Tulipishana njiani bila ya kuonana.

Sitasema kwamba mambo yalimalizika siku hiyo. Nilikaa Nakuru majuma matatu, na mara mbili nilimwona mpwa wangu akibadili njia baada ya kuona kikundi cha vijana pembeni. Nilimwuliza mwalimu kama hiyo si hofu. Akanijibu kwamba hilo ndilo somo la kwanza alilomfundisha, na kwamba wengi hulifahamu mwishoni. Hata hivyo, kutembea kwake kulikuwa kumebadilika. Alikuwa haangalii tena chini.

Wazazi wengi wa pwani hunisimamisha barazani kuniuliza habari za vyuo hivi, kwani watoto wao wanavitaka. Nawajibu kwa niliyoyaona. Nenda katazame kabla ya kulipa, na anayekataa kutazamwa mwache na vyeti vyake. Mwulize ni nani aliyemfundisha yeye, na kama chuo chake kinatambuliwa na shirikisho la taifa la mchezo huo. Tazama anavyomtendea aliye dhaifu kuliko wote darasani, si aliye hodari. Mweleze dini yako mapema, kwa upole. Jawabu lake litakujulisha mengi. Karate, judo, taekwondo au ngumi ni njia mbalimbali, lakini mwanao atachukua tabia ya yule anayemfundisha, iwe ni mkanda wa rangi gani.

Usiku wa mwisho kijana aliniomba nimwandikie neno la kubandika ukutani kwake. Nikamwandikia ubeti huu:

Ukitaka uwe simba, ujifunze kunyamaza,
Asiyejua kutamba, ndiye mtu wa kuweza,
Chui hendi akiimba, sifa zake kutangaza,
Ngumi ni mfano kamba, huokoa, huumiza.

Aliusoma mara mbili. Kisha akasimama, akaweka mkono kifuani kama afanyavyo ukumbini, akaniaga. Asubuhi nilipopanda basi mapaja yangu yalikuwa bado yananiuma.