Ndoo Ikipasuka Usikimbilie Gundi, Iunge kwa Moto

Nikipita kwa wakulima wa mboga, karibu kila banda nakuta ndoo, dumu au kreti iliyopasuka, imepakwa gundi na bado inavuja. Plastiki nyingi za shambani zina uso unaoteleza kama nta, gundi ya kawaida haiushiki. Dawa yake ni joto: unayeyusha kingo mbili za ufa mpaka ziwe kitu kimoja.

Kanuni kubwa ni hii: plastiki hushikana na ya aina yake tu. Geuza chombo, soma namba iliyo ndani ya pembetatu. Madumu mengi ni namba 2, ndoo huwa 2 au 5. Ukiunga 2 na 5 zitaonekana zimeshika, ukijaza maji zinaachia. Kama namba haipo, kata kipande kidogo ukitie majini. Aina hizi mbili huelea. Kikizama, achana nacho. Huenda ni PVC, na moshi wake ni sumu.

Sasa tufanye kazi, nje penye hewa:

1. Osha chombo, kikauke kabisa.
2. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kupasuka.
3. Chonga ufa kwa kisu uwe mfereji wa umbo la V.
4. Kata ukanda mwembamba kwenye chombo chakavu cha namba ileile. Kama namba haijulikani, kata kwenye ukingo wa juu wa chombo hichohicho.
5. Pasha bisibisi bapa kuukuu kwenye mkaa, au tumia chuma cha kulehemu cha mafundi redio. Yeyusha ukanda na kingo kwa pamoja huku ukikandamiza. Namba 2 huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 130, namba 5 karibu 160, kwa hiyo chuma kisiwe chekundu. Ukiona moshi, plastiki inaungua, na kiungo kitakuwa dhaifu.
6. Rudia upande wa ndani, kisha acha kipoe chenyewe.
7. Jaza maji, weka kwenye sakafu kavu usiku kucha. Asubuhi sakafu itakupa jibu.

Vipo vyombo ambavyo hata ukibanwa na hela usiviunge. Kilichobeba dawa za wadudu, kwa sababu joto huamsha mvuke wa sumu. Dumu la petroli, mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Na tangi la pampu ya mgongoni: kiungo kikiachia, dawa yote inaishia kwenye ngozi yako. Hilo nunua jipya.

Plastiki iliyopauka kwa jua na kumeguka ukiikunja nayo haiungiki. Lakini ile inayoweza kutoa ukanda, usiitupe. Ihifadhi bandani, ndiyo akiba ya kuungia nyingine.