Glenn Hughes: Mzae wa Rock Mwenye Damu ya Funk

Mashabiki wa rock wako na wivu mbaya. Msanii wao akigusa tu kitu ya kukatikia kiuno, wanaanza kulia ati amewaruka. Glenn Hughes ameskia hizo kelele tangu 1974, na bado hashtuki. 2008, akiwa na miaka 56, aliangusha albamu ya solo inaitwa First Underground Nuclear Kitchen. Cheki herufi za kwanza: F.U.N.K. Mzae hakuficha kitu.

Kama humjui, shika rada. Jamaa alizaliwa 1951 huko Cannock, tao ya wachimba makaa pale katikati ya Uingereza. Akaanza na bendi inaitwa Trapeze, anapiga besi na bado anaimba. 1973 Deep Purple wakamchukua, na hao ndio walikuwa mabazenga wa rock nzito enzi hizo. Wakampea besi, na maiki akagawana na mwimbaji mwenzake David Coverdale. Shida ni kwamba maskio yake yalikuwa yamelelewa na Stevie Wonder na ngoma za soul za Motown. Hiyo vitu ikikuingia ukiwa mdogo, hata uvae ngozi nyeusi na ufuge nywele hadi mgongo, itatokea tu ukifungua mdomo.

Na watu walikuwa wanachanganya rock na funk kitambo. Aprili 1974 Deep Purple walipiga shoo ya California Jam, nyomi ya zaidi ya watu laki mbili. Kwa orodha ya wasanii wa siku hiyo kulikuwa na Black Sabbath, na pia kulikuwa na Earth, Wind & Fire. Umati ni huo huo, jukwaa la shoo ni moja. Hakuna mtu aliuliza nani ni wa rock na nani ni wa funk ndio apewe nafasi.

Ndani ya bendi ndo kulikuwa na moto. Mwisho wa huo mwaka wakatoa Stormbringer, na hapo funk na soul zikaanza kuingia waziwazi. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa ambaye sauti ya bendi ilikuwa inamtegemea, hakubambika hata kidogo. 1975 akahepa, akaanzisha Rainbow. Nafasi yake ikachukuliwa na Tommy Bolin, kijana wa Marekani aliyekuwa anashikana na Glenn vizuri, na wakatoa Come Taste the Band. Lakini unga nayo ilikuwa imeingia. Machi 1976 bendi ikavunjika. Disemba ya mwaka huo huo Bolin akadedi, na alikuwa na miaka 25 tu.

Mtu mwingine hapo angerudi kwa rock ya kawaida, atulize mashabiki, apate ganji yake. Glenn akaenda kinyume. 1977 akatoa Play Me Out, solo yake ya kwanza, akiwa na mabeshte wa Trapeze, Mel Galley na Dave Holland. Ni soul na funk mwanzo mwisho. Waliongoja Deep Purple ya pili wakabaki wameduwaa. Halafu miaka ya 80 ikamla vibaya, unga na pombe, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 ndo akaanza kujitoa. Kwa hivyo usiskie mtu akikushow ati albamu ya 2008 ni mzae anajaribu kukaa kijana. Alikuwa anamalizia wera aliyoianza kitambo.

Sasa tuingie kwa ngoma zenyewe za F.U.N.K. Siri kubwa iko kwa dramu: anayechapa ni Chad Smith wa Red Hot Chili Peppers. Hao wawili wamezoeana, kwa sababu Chad alikuwa kwa Soul Mover ya 2005 na Music for the Divine ya 2006. Ndio ushike mdundo wao, hesabu moja mpaka nne. Kwa rock, kofi linakupata kwa mbili na nne. James Brown alifunza dunia kurudisha uzito kwa moja, halafu hapo katikati kila mtu anacheza na nafasi. Gitaa haijazi kila pembe, inakwaruza kidogo na kunyamaza, kama makanga anayegonga bodi ya mat kisha anaacha dere aendeshe. Dere hapa ni besi, na hiyo besi anapiga Glenn mwenyewe.

Crave ndo inafungua, na haikupi hata dakika ya kujipanga. Ukifika Imperfection, mwendo unapungua na unaskia soul yenyewe, ile ya mtu ameumia akapona. Koo bado iko fiti kwa umri huo, noti za juu anazifikia bila kutoa jasho.

Lakini si kila kitu ni safi. Glenn anapenda koo yake kuzidi. Kuna mahali neno moja lingetosha, yeye analizungusha mara sita ndio ujue anaweza. Tunajua unaweza, buda. Funk inataka mtu wa kuacha nafasi, na besi yake inajua hiyo vitu kushinda mdomo wake.

Bado naipea heshima zake. Ukitaka kushika story yote, anza na Stormbringer, uende Play Me Out, umalizie na hii. Usiskizie kwa spika ya simu, besi yote itapotea. Tafuta earphone za maana ama woofer ya jirani. Na kama wewe ni wa rock damu na unaona funk ni ya watu wengine, jipe Crave pekee yake. Ikiisha na shingo yako haijasonga, rudi tu kwa Blackmore, hakuna mtu atakulaumu.