Anwani Ni Sahihi, Tovuti Ni Feki: Jua Ujanja Huu Kabla ya Kutumia Waifai ya Mtaani

Oktoba ikikaribia, swali kwa wakulima wanaopeleka majani kwenye kiwanda cha chai cha Itumbe huwa ni moja: bonasi imeingia? Wengine wanaangalia kwa simu, wengine wanaingia saiba kukagua akaunti ya benki na kuhamishia pesa kwa laini. Wengi wetu tumeshazoea kusoma anwani ya tovuti kwa makini kabla ya kuandika PIN. Vizuri sana. Lakini je, ulijua unaweza kuandika anwani bila kukosea hata herufi moja na bado ukaishia kwa tovuti ya tapeli?

Swali ambalo simu yako huuliza

Mtandao haufuati majina, unafuata nambari. Ukiandika jina la tovuti ya benki, simu kwanza inauliza: huyu ana nambari gani? Kazi ya kujibu ni ya mfumo unaoitwa DNS, uliobuniwa mwaka wa 1983. Ni kama kumtumia fundi pesa. Jina lake unalijua, lakini lazima uwe na nambari. Ukimuuliza mtu nambari ya fundi naye akupe yake, pesa zitaenda kwake, hata kama jina ulilotaja lilikuwa la kweli.

DNS ilipoundwa haikuwekewa njia ya kuthibitisha ni nani amejibu. Mwaka wa 2008 mtafiti Mmarekani Dan Kaminsky alionyesha jinsi ilivyo rahisi kuingiza jibu la uongo, na kampuni nyingi zikatoa marekebisho kwa pamoja.

Shida kubwa kwetu sisi wateja ni ruta. Anayeidhibiti ndiye anayechagua nani ajibu maswali ya simu zote zilizounganishwa. Ikiwa bado ina paswadi iliyotoka nayo dukani, mjanja anaweza kuibadilisha. Mwaka wa 2018 watafiti waligundua zaidi ya ruta 100,000, nyingi zikiwa Brazil, zilizobadilishwa hivyo ili kuwapeleka watu kwa kurasa feki za benki.

Jaribu mwenyewe

Wanafunzi wa usalama wa mitandao hufanya mazoezi kwa programu ndogo kama dnsspoof na dnschef. Hazina vitufe vya kubonyeza. Unaandika amri, nazo zinatoa majibu ya uongo kwa maswali ya DNS. Hizo ni za kujaribia kwa mashine zako mwenyewe. Ukizielekeza kwa waifai ya watu, kuna sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni.

Wewe unahitaji ile ya kuuliza tu. Kwa kompyuta ya Windows, tafuta cmd, ifungue, kisha andika:

nslookup jina-la-tovuti

Halafu uliza kwingine swali lile lile:

nslookup jina-la-tovuti 1.1.1.1

Nambari zikitofautiana usishtuke bado, kampuni kubwa huwa na seva nyingi. Lakini tovuti ya benki ikijibiwa kwa nambari inayoanza na 192.168, toka mara moja. Hiyo ni nambari ya ndani ya waifai yenyewe, maana yake hiyo "benki" iko hapo hapo ndani ya saiba! Na majibu yakifanana pia usijiachilie, kwa sababu ruta mbovu inaweza kudanganya mara zote mbili.

Onyo ndio mlango wa mwisho

Tapeli anaweza kughushi nambari, lakini kupata cheti halali chenye jina la benki yako ni kazi ngumu zaidi. Ndiyo maana brauza inakuonya kwamba muunganisho si salama. Tarehe 24 Aprili 2018, walaghai waliwapeleka wateja wa MyEtherWallet, tovuti ya pesa za kidijitali, kwa seva feki kwa karibu saa mbili. Onyo lilitokea kwa skrini. Waliolipuuza na kuingia walipoteza jumla ya takriban dola 150,000.

Kwa hivyo:

- Ukiona onyo, usibonyeze "endelea", hata kama mwenye saiba anasema ni kawaida.
- Ukikagua pesa, zima waifai ya mtaani na utumie bando zako.
- Ukiweza, tumia menyu ya nyota na hash. Simu yako haiulizi DNS chochote hapo, kwa hivyo ujanja huu haukufikii.
- Kama una ruta nyumbani au dukani, badilisha paswadi ya kiwandani leo.
- Umeshaandika PIN mahali unapotilia shaka? Ibadilishe sasa hivi ukitumia laini yako, halafu upigie huduma kwa wateja.

Kama mzazi wako anangoja bonasi, mwelezee hili kabla pesa hazijaingia. Hahitaji kujua DNS ni nini. Ajue tu kwamba onyo likitokea, anafunga ukurasa na kuondoka.