Taa ya moteri inayorudi: kode P0420 kwenye gari la zamani

Katika parokia zetu nyingi gari la kazi ni Toyota ya zamani, iliyotufikia ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi kwingine. Taa yenye picha ya moteri inawaka, fundi anachomeka skana, anafuta kode, taa inazimika. Siku chache baadaye inarudi. Kode moja inayopenda kurudi hivyo ni P0420, na watu wengi wametupa pesa kwa sababu yake.

Kode hiyo inahusu katalizeri, lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi. Ndani yake mna jiwe lenye vitundu vingi kama sega la nyuki, lililopakwa platini, paladi na rodi. Moshi ukipita humo, monoksidi ya kaboni na esanse isiyoungua hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Mbele ya kopo kuna sonda ya oksijeni, na nyuma kuna nyingine. Kwa magari mengi ya zamani sonda ya mbele hupanda na kushuka kati ya volti 0,1 na 0,9 bila kutulia. Ya nyuma inapaswa kutulia, karibu volti 0,6 au 0,7, kwa kuwa katalizeri nzima huhifadhi oksijeni na kuitoa kidogo kidogo. Ya nyuma ikianza kucheza kama ya mbele, kompyuta huandika P0420.

Basi skana haikusema «nunua katalizeri». Wala haikusema «nunua sonda», ingawa ndiyo kitu cha kwanza kinachouzwa.

Anza kwa kusoma kode zote kabla ya kufuta hata moja. Ukiona P0300 au jirani zake, moteri inakosa moto: shughulikia kwanza bujia na koili. Ukiona P0171, moteri inapata hewa nyingi kuliko esanse. Taa ikiwa inawaka na kuzima haraka haraka, punguza mwendo na usibebe mzigo, maana esanse mbichi inaingia kwenye katalizeri na kuichoma.

Kisha tafuta mahali bomba linapovuja. Hili wengi huliruka, nalo ni la bure. Asubuhi, moteri ikiwa baridi, iwasheni na msikilize karibu na kichwa cha moteri: mlio wa «tik-tik» unaopungua ukipata moto unaonyesha jointi iliyopasuka. Tundu dogo karibu na sonda huingiza hewa ya nje na kuidanganya. Angalieni pia kama gari linakula mafuta ya moteri au maji ya radiata, kwa kuwa vyote viwili huua katalizeri. Esanse ya bidoni kutoka kwa kadhafi wa barabarani, ikiwa imechanganywa na petroli ya taa, haisaidii.

Mwisho, moteri ikiwa moto, ishikilieni kwenye mizunguko 2500 na mtazame sonda ya nyuma kwenye skana. Kama imetulia, katalizeri bado ni nzima. Rudini kwenye uvujaji na nyaya. Kama inaruka-ruka, na yote yaliyotangulia ni safi, hapo katalizeri imechoka kweli.

Kuna wanaoikata, wakaiuza kwa wanunuzi wa madini yake na kuweka bomba tupu. Taa haitazimika, na monoksidi ya kaboni itatoka yote. Bomba likitoboka chini ya viti, wanaoivuta ni wanakwaya waliobebwa nyuma.

Baada ya matengenezo, msishangilie siku hiyo hiyo. Kompyuta huipima katalizeri gari likiwa moto na likienda mwendo usiobadilika kwa dakika kadhaa, na kwa barabara zetu zenye mashimo hilo linaweza kuchukua wiki. Mwambieni fundi aangalie kwenye skana kama kipimo cha katalizeri kimekamilika, ndipo mumlipe salio.