Ukichana Jaba, Hii Ndiyo Hufanyika Kwa Ubongo Yako

Pitia base yoyote Fedha Ijumaa jioni. Utapata majamaa mashavu imefura, njugu na Big G ziko hapo, na kila msee anapanga biashara ya mamilioni. Jumatatu ikifika hakuna hata kibanda imefunguliwa. Manze, shida si uvivu. Iko kwa kanafasi kadogo sana ndani ya kichwa.

Ubongo ina seli za neva karibu bilioni 86. Ndani ya seli ujumbe hutembea kama umeme, lakini ukifika mwisho unakwama juu seli mbili hazijashikana. Kati yao kuna mwanya unaitwa sinapsi. Chukua milimita moja, igawanye mara elfu 50, hapo ndio upana wake.

Sasa kemikali inashika job. Vifuko vidogo vinafunguka, vinaimwaga, inavuka na kuingia kwa vipokezi vya seli ya ng'ambo kama ufunguo kwa kufuli. Hiyo seli inawaka ama inatulia, kulingana na kemikali gani imetumwa. Halafu kuna pampu ya kurudisha ile imebaki. Hii pampu ndiyo watu husahau.

Jaba, iwe ni muguka ya Embu ama miraa ya Meru, iko na kathinoni, binamu wa amfetamini. Inafanya dopamini, kemikali ya motisha, imwagike bila ujumbe wowote kutumwa, na pampu inaanza kufanya kazi kinyume. Ndiyo unajiskia bosi, njaa imehepa, usingizi zii. Noradrenalini nayo inapandisha presha na moyo inapiga mbio. (Kathinoni hupoteza makali majani ikikauka, ndiyo maana miraa hufungwa na majani ya mgomba.)

Uingereza walipiga miraa marufuku 2014. Mei 2024 Mombasa ikajaribu na muguka, korti ikasimamisha. Siasa kando, sinapsi haijui korti.

Stimu ikiisha, dopamini imeshuka na ule usingizi uliruka bado unakudai. Madere wa usiku, hapo mnaskia? Jaba huficha uchovu tu, haiutoi.

Kama umechana kila siku halafu uache, tarajia uchovu, moods mbaya na ndoto za ajabu kwa siku kadhaa. Hiyo ni ubongo ikijipanga upya. Lakini beshte yako akianza kuskia sauti ama kudhani watu wanamfuata, usimcheke. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.