Je, Wajua? Mitishamba ya Tanga na Ukimwi

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya miaka kumi kabla Tanzania haijaanza kutoa bure dawa za ARV, zinazofubaza virusi vya Ukimwi, madaktari wa Tanga na Pangani walikaa jamvi moja na waganga wa jadi? Wodi zilikuwa zimejaa na dawa hazipo. Waganga walikuwa na mitishamba ya kutuliza magonjwa nyemelezi na dalili za Ukimwi: mkanda wa jeshi, utando mweupe mdomoni, kuharisha kusikokoma, kukosa hamu ya kula. Kutokana na ushirikiano huo kikaundwa kikundi cha TAWG (Tanga AIDS Working Group), kilichopeleka dawa hizo kwa wagonjwa hospitalini na majumbani. Na hili ndilo la kuheshimiwa zaidi: hazikutolewa kama tiba ya Ukimwi, bali kama nafuu.

Tofauti hiyo ni uhai wa mtu. Mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Virusi havikuwa vimeondoka.

Hata mimea ya jikoni ina nguvu zake. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu hupunguza kwa takribani nusu kiwango cha sakwinaviri, mojawapo ya dawa za ARV, katika damu. Ndiyo maana daktari huuliza mgonjwa anatumia mitishamba gani. Ajibiwe bila kufichwa kitu.