Kiingereza kitoke karatasini, kipande jukwaani

KATIKA mtihani wa KCSE, Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza huwa na alama 60. Nusu ya alama hizo, yaani 30, ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Mtahiniwa huulizwa ni maneno gani yanatamkwa sawa ingawa yanaendelezwa tofauti, ubeti fulani angeughani vipi mbele ya hadhira, au angejiandaaje kwa mahojiano ya kazi. Ni maswali mazuri. Ila majibu yake huandikwa. Mtoto anaweza kueleza kwa kalamu jinsi ya kupandisha na kushusha sauti, akazoa alama zote, ilhali hajawahi kufungua kinywa mbele ya watu hata siku moja.

Nimeanzia hapo kwa sababu kila matokeo yanapotangazwa husikia lawama zile zile kutoka kwa wazazi na walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe: ati watoto wetu hawakijui Kiingereza kwa kuwa wanazungumza Kiswahili mno. Msomaji ataniuliza, wewe wa Kiswahili unatafuta nini katika shamba la wenyewe? Kwanza nakitetea kinachosingiziwa. Pili, kwa miaka mingi nimekaa kwenye madawati ya nyuma nikikagua walimu wanaofanya mazoezi ya kufundisha, wa lugha zote mbili, na niliyoyaona hayalingani na lawama hizo.

Katika darasa moja upande wa Changamwe, kijana aliulizwa swali kwa Kiingereza. Akasimama, akatazama dari, akakaa. Kengele ya mapumziko ilipolia nilimkuta uani akiwaigizia wenzake makanga wa matatu ya Magongo akizozana na mama mmoja juu ya chenji. Sauti mbili, mikao miwili, na kituo pale pale penye kuchekesha. Wenzake walikuwa hoi. Mtoto huyo si bubu, wala si mzito wa akili. Lugha anayoimudu ameipata kwa kuitumia na watu, na Kiingereza hajapewa wa kukitumia naye.

Hebu tujiulize, mtoto wa Likoni anakisikia wapi Kiingereza? Nyumbani ni Kidigo na Kiswahili. Kisauni ni Kiswahili, Kigiriama na lugha za waliohamia. Changamwe, walikokaa wafanyakazi wa bandari na reli kutoka kila pembe ya nchi, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha majirani. Kiingereza kinabaki cha ubaoni, cha daftari na cha runinga. Shule zikiona hivyo, nyingine hukimbilia adhabu: kibao cha kuvishwa shingoni aliyenaswa akisema lugha ya kwao. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu hiyo katika Decolonising the Mind mwaka 1986, akikumbuka shule za enzi ya mkoloni, na wapo wanaoiendeleza hadi leo. Kibao hicho kinamfunza mtoto jambo moja tu, kunyamaza.

Mombasa yenyewe ina ushahidi wa njia nyingine. Ali Mazrui alizaliwa hapa mwaka 1933. Cheti chake cha Cambridge kilikuwa hafifu, hakikumfikisha Makerere. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hotuba aliyoitoa katika sherehe ya Maulidi ndiyo iliyomvutia Gavana Philip Mitchell, na kutokea hapo njia ya masomo Uingereza ikafunguka. Makerere iliyomkosa kama mwanafunzi ikaja kumpata kama profesa, na mwaka 1979 BBC ikamwalika kutoa mihadhara ya Reith kwa Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe walikaa kukisikiliza. Mtihani ulimpima ukamwona si kitu. Kilichomwokoa ni kusimama mbele ya watu akasema. Naamini pia kwamba ufasaha ule haukuanzia kwenye Kiingereza. Aliyekulia katika mji wa mawaidha, maulidi na majibizano ya mashairi huingia lugha ya pili na silaha zake mkononi.

Basi tuzitumie silaha hizo. Tamasha la maigizo la shule nchini lilianza mwaka 1959, na kila mwaka wanafunzi wetu hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi taifa kwa michezo, ngonjera, hadithi na ngoma za ubunifu. Nalipenda tamasha hilo. Hata hivyo, shule yenye wanafunzi mia nane huchagua thelathini wenye vipaji, na waliosalia hupiga makofi. Anayeachwa ni yule anayeogopa kusema, ambaye ndiye hasa mwenye haja ya jukwaa. Tena The Samaritan ya John Lara ni tamthilia, iliandikwa iigizwe, lakini darasani husomwa wanafunzi wakiwa wamekaa, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kusoma tangazo la mazishi. Wakati mwingine kikundi cha waigizaji huja kuwaonyesha kitabu, wanalipia, wanacheka, wanarudi darasani. Si haba, ila kutazama si kutenda. Mwanafunzi akipewa mistari minne tu ya mhusika, akaambiwa aiseme kwa hasira, kisha kwa hofu, kisha kwa kejeli, hapo ndipo shadda na kiimbo vinapoacha kuwa maswali ya mtihani.

Wala Kiswahili kisifukuzwe chumbani. Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Mwaka 2012, kikundi cha Bitter Pill kutoka Kenya kiliigiza mchezo mwingine wa Shakespeare kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London. Mwalimu akiweka hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari katika lugha mbili, nusu ya darasa iigize moja na nusu nyingine, ubishi utazuka wenyewe: neno gani limepotea, lipi limeongezwa uzito? Kuujibu ubishi huo kunahitaji Kiingereza kingi kuliko zoezi lolote la kujaza mapengo.

Ushairi nao tumeukalia. Mashairi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga wa Mvita, yalichapishwa Marekani mwaka 1966 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Lyndon Harries. Tungo zake ziliimbwa na Juma Bhalo, na watoto wa Kisauni wamezisikia arusini kabla hawajajua kusoma. Mpe mwanafunzi ubeti anaouelewa kwa moyo, umwonyeshe alivyoutafsiri Mzungu, umwambie asahihishe. Atakuja na madai kwamba tafsiri imekosea. Sasa na athibitishe kwa Kiingereza! Nimeona walimu wakihofia zoezi la namna hii kwa kudhani litageuka somo la Kiswahili. Si kweli. Maana akishaimiliki, kinachomsumbua ni kutafuta maneno ya pili, na kutafuta maneno ndiyo kujifunza lugha.

Midahalo ipo shuleni, lakini mada zake zimechacha. Mwalimu ni bora kuliko daktari. Mjini ni kuzuri kuliko mashambani. Mtoto hana cha kupoteza katika mada hizo, kwa hivyo anakariri hoja za kaka yake. Muulize wa Likoni kama feri zinatosha au daraja lijengwe, na nyumba za nani zitabomolewa. Muulize wa Changamwe nani afaidike kwanza na kazi za bandari. Hapo utaona mikono juu. Nami ningethubutu zaidi. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama ikaua watu 272. Ng'ambo ile wako wazee waliopoteza jamaa, na wajukuu wao wako darasani. Wanafunzi wawaendee kwa adabu, wasikilize kwa Kidigo au Kiswahili, kisha waandike mchezo kwa Kiingereza na wajadili nani alistahili kuwajibika. Kazi hiyo ina usomaji, uandishi, uigizaji na mdahalo ndani yake, na hakuna mwongozo wa dukani utakaowafanyia.

Miongozo hiyo ndiyo iliyoua usomaji. Mwanafunzi humjua mhusika wa Fathers of Nations kwa muhtasari, riwaya yenyewe haijakunjwa hata ukurasa. Maktaba kuu ya umma iko kisiwani, nauli na foleni ya kivuko si mchezo. Sanduku la vitabu thelathini ndani ya darasa, kila mmoja asome chake na kuwasimulia wenzake kwa dakika tatu, linatosha kuanzia.

Haraka yangu ina sababu. Mwezi Januari mwaka huu Gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari pevu, na KCSE ya 8-4-4 itafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Mtaala mpya una mikondo mitatu, na somo la maigizo na filamu limewekwa katika mkondo wa sanaa na michezo, huku Fasihi ya Kiingereza ikiwa somo la kuchagua. Kiingereza chenyewe ni cha lazima kwa wote. Wanaochagua STEM, nao ndio wazazi wengi wanawatakia watoto wao, wasije wakabaki na sarufi na mapengo ya kujaza. Mhandisi wa kesho kutoka Miritini naye atatakiwa kusimama mbele ya watu aeleze kwa nini nguzo ile isiwekwe pale.

Watunzi wa mitihani bado wana muda wa kuamua mazungumzo yapimwe kwa kinywa, hata kama ni kwa alama za mwalimu darasani. Shule hazina haja ya kuwangoja. Muhula huu tamasha limekwisha, mavazi yamefungiwa stoo na miswada imo kabatini mwa mwalimu wa drama. Itoeni, mpige nakala, na wale wanafunzi mia saba na sabini nao wagawiwe sehemu.